Kabla ya Kukata Tiketi ya Boti

Mazungumzo na wanachama wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, Morogoro, katika maandalizi ya safari ya Mji Mkongwe wa Zanzibar

Mwenyekiti, mweka hazina, wanachama wenzangu, na ninyi wageni mliokuja kutusikiliza: habari za mchana.

Mweka hazina ametusomea hesabu na sote tumesikia. Fedha ya safari imetimia. Namshukuru kila mmoja aliyeleta hisa yake hata mwezi ambao nyumbani palikuwa pagumu. Fedha hii imetoka kwenye maandazi, kwenye mishahara ya ualimu, kwenye meza za nyanya pale sokoni. Ni fedha ya jasho, ndiyo maana nimeomba nafasi niseme neno kabla hatujakata tiketi. Safari ile ya kwanza ya Zanzibar niliipanga mimi, na mliokuwepo mnajua ilivyokuwa.

Tulikuwa watu 14. Nilikuwa na orodha ya ukurasa mzima niliyoikusanya kwa watu waliokwisha kwenda. Tulitoka hapa usiku, tukafika Dar alfajiri, tukashuka gati la Unguja saa tano asubuhi, na kabla ya magharibi tulikuwa tumeshapita Ngome Kongwe, Mkunazini, Darajani, mabafu ya kale ya Hamamni na jumba la masultani pale Mizingani. Kila tulipotoka mahali niliweka alama ya vema kwenye karatasi, kama ninavyosahihisha madaftari. Niliporudi nyumbani binti yangu akaniuliza, "Mama, Zanzibar kukoje?" Nikamtajia majengo. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza tena, "Sasa kukoje?" Sikuwa na la kumjibu.

Na dada yangu, huyo hapo mstari wa pili, mnajua magoti yake yalivyo. Gesti tuliyoipata ilitupa vyumba vya ghorofa ya tatu, na ngazi zake ni za mbao, nyembamba, zimesimama karibu kama ngazi za kupandia mnazi. Tulipopiga simu kuuliza vyumba hakuna aliyetuambia habari za ngazi, wala mimi sikuuliza. Alizipanda mara mbili siku ya kwanza. Siku ya pili hakuweza. Alibaki kitandani, sisi tukaendelea kuzunguka na orodha yetu. Alikuwa amelipa nauli sawa na ya kila mmoja wetu, akavuka bahari kwenda kuangalia dari.

Jambo hilo liliniuma, na bado linaniuma. Kosa halikuwa la mji. Mji ule una nafasi ya mtu mwenye magoti mabovu, na nitawaeleza nilivyokuja kulijua hilo. Kosa ni kwamba niliuliza swali moja tu, "Zanzibar kuna nini?", na sikumuuliza mtu hata mmoja kati ya wale 13, "Wewe ukiwa huna kazi, siku yako huwa inaendaje?"

Ndugu zangu, naomba kila mmoja afanye hivi. Chukua Jumapili yako ya karibuni ambayo hukuwa na msiba, harusi wala kikao. Kumbuka ulifanya nini, saa ngapi. Kuna mama mmoja humu ndani, akitoka kanisani haendi nyumbani moja kwa moja. Atapitia sokoni hata kama hana la kununua, atashika vitenge, atauliza bei, ataongea na kila muuzaji mpaka jua liwe kali. Huyo ni msafiri wa soko. Vijana wetu wa bodaboda hulala mpaka saa nne asubuhi, lakini saa nne usiku ndiyo kwanza wanachangamka. Ukiwaamsha saa kumi na moja alfajiri wakaone mnada wa samaki, umewaadhibu. Mzee wetu katibu hukaa kibarazani na gazeti mpaka amsalimie kila anayepita njia ile. Mtu habadiliki kwa sababu amevuka bahari. Miguu ni ileile, tumbo ni lilelile, usingizi ni uleule.

Kinachotupoteza ni hofu ya kuulizwa tukirudi: "Ulifika Zanzibar, halafu hukuingia pale?" Tunaona picha za jirani kwenye simu, tunataka na sisi tusimame palepale aliposimama. Naielewa hofu hiyo, nimeishi nayo. Lakini jirani hatalipia tiketi yako.

Sasa nisimulie safari ya pili. Mwaka mmoja baadaye nilirudi na dada, sisi wawili, siku tatu. Safari hii sikubeba orodha. Nilipiga simu gesti nne na kuuliza mambo matatu: chumba kiko chini au juu, gari linaishia wapi, na kutoka hapo mpaka mlangoni ni mwendo gani. Hili la gari ni muhimu kuliko mnavyodhani. Vichochoro vya Mji Mkongwe vilikuwepo kabla ya magari, na vingi havipitishi gari hata leo. Zinapita pikipiki, baiskeli, na mikokoteni ya mahamali. Teksi inakushusha ukingoni, mzigo unabebwa. Tukapata chumba cha chini, hatua chache kutoka barabarani. Kilikuwa ghali kidogo kuliko vingine, nikakilipia kwa kupunguza mahali pengine: hatukukaa kwenye hoteli yoyote ya kula kwa menyu. Kila msafiri ana kitu kimoja anachopaswa kukilipia bila kubana. Kwa dada kilikuwa ni kutopanda ngazi.

Asubuhi ya kwanza tulitembea kuelekea Sokomuhogo, polepole, na mimi moyoni nikihofia atachoka tutakwama njiani. Hapo ndipo nilipouona mji kwa mara ya kwanza, ingawa nilikuwa nimeshaupita mwaka uliotangulia. Ndugu zangu, mji ule umejengewa viti. Mbele ya nyumba nyingi, pande zote mbili za kichochoro, kuna baraza za mawe zilizopakwa chokaa, zimeshikana na ukuta, kimo cha goti. Wenyeji hukaa hapo jioni, huuza bidhaa hapo, husubiria rafiki hapo, na mvua kubwa ikijaza maji vichochoroni watu hupita juu yake. Dada alitembea hatua 50, akaketi. Akatembea tena, akaketi. Mara ya kwanza niliomba radhi kwa mwenye nyumba aliyekuwa akitoka mlangoni. Akaniangalia kwa mshangao, akasema, "Baraza hii kazi yake nini?" Akatukaribisha.

Tulifika pale panapoitwa Jaws Corner, njia panda yenye baraza kila upande. Muuza kahawa alikuwa na dele lake juu ya makaa, na finjani ndogo zikiogeshwa kwenye ndoo ya maji. Kahawa ni chungu, haina sukari, unaifuatisha na kashata. Wazee walikuwa wanacheza dhumna kwa kishindo, wengine wanabishana siasa. Sisi wageni wa Bara, wanawake wawili, tulikaa pembeni kwa adabu, tukasalimia, tukaitikiwa. Baada ya muda mzee mmoja akamuuliza dada, "Goti hilo?" Dada akasema ndiyo. Mzee akamwelekeza duka la viungo la kununua mafuta ya karafuu ya kuchulia, akaeleza na namna ya kuyapasha moto, akaanza na habari za mke wake ambaye naye magoti yanamsumbua. Tulikaa pale saa mbili nzima. Katika orodha yangu ya kwanza muda ule ungetosha vituo vinne. Lakini binti yangu aliponiuliza tena kukoje, nilizungumza mpaka chakula kikapoa.

Kwa hiyo naomba tuupange mji huu kwa saa badala ya majengo, kila mtu achague saa zake.

Kama wewe ni mtu wa alfajiri, Darajani ni yako. Soko lile lina jengo la mwaka 1904, na jina lake limetokana na daraja kweli: zamani mkono wa bahari ulipita pale, ukitenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, kisha ukafukiwa. Nenda mapema samaki wakiwa wanafika na wanadi wakipaza sauti. Harufu ni kali, sakafu imelowa, usivae viatu vya kitambaa. Upande wa viungo kuna hiliki, mdalasini, kungumanga na karafuu, na hapo mama yetu wa soko atapata mchana wake wote. Tusimharakishe.

Kama wewe ni mtu wa kutazama kazi ya mikono, chagua saa kati ya tatu na tano asubuhi, upite Hurumzi, Kiponda na Shangani ukiangalia milango tu. Milango mitupu, bila kuingia popote. Ile yenye kichwa cha mraba ndiyo ya mtindo wa Kiarabu, na yenye kichwa cha upinde ni ya mtindo uliokuja na mafundi wa Kihindi, ambao uliongezeka mwishoni mwa karne ya 19. Tazama nakshi za minyororo, samaki na maua ya yungiyungi, na zile njumu za shaba zilizochomoza. Fundi seremala wetu, nakuomba uende peke yako, usifuatane na watu wa kukuuliza "tunaondoka saa ngapi?"

Mchana mzito, saa saba mpaka saa tisa, usipange kitu. Jua linachoma, maduka mengi yanafungwa watu wakale na wapumzike, na Ijumaa ndiyo kabisa, mji unakwenda kuswali. Lala. Hata sisi nyumbani Jumapili tunalala.

Jioni ni ya kila mtu, na hapa naomba nikae kidogo, maana hapa ndipo ninapotaka kikundi kikutane. Bustani ya Forodhani iko mbele ya bahari, jirani na Ngome Kongwe. Ukifika saa kumi na moja jioni unakuta vijana wanakimbia kutoka mbali na kujirusha baharini kutoka ukutani, kichwa mbele, mmoja baada ya mwingine, wakishangiliwa. Jua likianza kuzama, meza zinapangwa, taa zinawashwa, moshi wa mishkaki unapanda. Kuna juisi ya miwa inayokamuliwa mbele yako kwa ndimu na tangawizi. Kuna ile wanayoiita pizza ya Zanzibar, ambayo kwa kweli ni chapati iliyokunjwa na kujazwa nyama na yai. Uliza bei kabla hujaagiza, ukae uone inavyopikwa. Lakini urojo wa kweli, ule mzito wa manjano wenye ukwaju au embe bichi, bajia, kachori, viazi na vipande vya mihogo ya kukaanga juu, nenda ukaule mtaani wanapokula wenyeji. Mtu ambaye safari yake ni tumbo apewe jioni mbili, moja haitoshi.

Na watu wa usiku wasisahaulike. Zanzibar ni mji wa taarabu. Kikundi cha Ikhwani Safaa kilianzishwa 1905, na Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, ndiye aliyeifikisha taarabu ya Kiswahili kwenye sahani za santuri. Ulizeni kule kule kama kuna onyesho au mazoezi wiki hiyo. Mtu akikuambia njoo saa tatu usiku, nenda, hata kama umekosa Hamamni.

Sasa nina jambo zito kidogo. Wapenda historia wengi humu wameniambia lazima waende Mkunazini, kwenye kanisa la Anglikana lililojengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa. Soko lile lilifungwa 1873, kwa mkataba kati ya Sultani Barghash na Waingereza, na ujenzi wa kanisa ukaanza mwaka huohuo. Uani kuna shimo lenye sanamu za watu watano wamesimama, mnyororo shingoni. Wengi wa waliouzwa pale walitoka Bara, walitembezwa njia zinazopita nchi yetu hii, kutoka ziwani mpaka pwani. Ni watu wa kwetu. Safari ile ya kwanza tuliingia pale saa nane mchana, na saa nane na nusu tulikuwa dukani tunachagua vikoi. Nilijisikia vibaya, nikanyamaza, kwa sababu orodha ilikuwa mkononi mwangu mwenyewe. Nawaomba, atakayechagua Mkunazini aipe asubuhi nzima, na asipange kitu chochote nyuma yake. Atoke, akae kwenye baraza, anyamaze au aongee, apendavyo. Na asiyeweza kubeba uzito ule asilazimishwe kwa jina la kikundi.

Jengine ni Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, lile refu lenye nguzo linaloonekana ukiwa bado kwenye boti. Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka, watu wakapoteza maisha. Orodha nyingi za zamani zinaliweka namba moja na kukuambia uingie. Msipange kuingia mpaka mmepiga simu na kuthibitisha. Kulitazama kwa nje, kutoka Forodhani, kunatosha kabisa.

Ningependa pia baadhi yetu wavuke barabara waende Ng'ambo. Wageni hubaki Mji Mkongwe, lakini watu wengi wa Zanzibar wanaishi upande wa pili. Michenzani kuna yale majengo marefu ya fleti yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, yamejipanga kwa safu ndefu ambazo jicho linachoka kabla hazijaisha. Sisi wenye watoto wanaotafuta nyumba za kupanga, tunaotaka kujua watu wanaishije, huko ndiko tutakakojiona.

Kuhusu mwezi, wengi mmependekeza wa saba. Ni mzuri: mvua za masika zimekwisha, joto si kali. Lakini ni wakati wa kusi, bahari huchafuka, na boti ya kutoka Dar huchukua kama saa mbili. Mwenye kuchafukwa na moyo achukue boti ya asubuhi, ale kidogo, akae sehemu ya nyuma asiporushwa sana. Pia ni msimu wa wageni wa Ulaya, gesti hujaa, kwa hiyo vyumba tuvishike mapema. Kama tungechagua Ramadhani ningewaambia mambo mengine: mchana mtu hali hadharani, na mji unahamia usiku baada ya futari. Kuna wanaoipenda hivyo. Kwa kundi lenye watoto, tusubiri. Kila mtu abebe kitambulisho, maana boti wanakihitaji na bei ya Mtanzania si sawa na ya mgeni. Wanawake kwa wanaume, mabega na magoti yafunikwe tukiwa mtaani. Ni mji wa watu, wana heshima zao.

Tangu 2024 tuna treni ya umeme kutoka hapa hadi Dar, na stesheni yake haiko mbali na gati. Hatuna sababu ya kutoka usiku tena. Tulale vizuri, tuondoke asubuhi, tupande boti ya mchana kwa wasioogopa mawimbi. Wanaoogopa walale Dar kwa ndugu, tuwakute ng'ambo.

Pendekezo langu kwa kikao ni hili. Tupo 22. Tugawanyike makundi madogo ya watu watatu, wanne, kwa kufuata Jumapili zetu na si kwa kufuata nani ni rafiki wa nani. Kila kundi liwe na simu yenye chaji na mtu mmoja mwenye fedha ya dharura. Asubuhi na mchana kila kundi liende linakotaka, au lisiende popote. Saa kumi na mbili jioni, kila siku, wote tuwe Forodhani, upande wa ukuta wanaporukia vijana. Hapo tutakula pamoja na kila mtu atasimulia alichokiona. Hiyo ndiyo saa pekee ya lazima. Mweka hazina atenge fedha ya nauli, malazi na chakula kile cha jioni, na kilichobaki kila mtu apewe mkononi, aliyependa viungo anunue viungo, aliyependa kulala alale.

Nimechapa karatasi fupi, zipo mezani kwa katibu. Hazina orodha ya vivutio. Zina nafasi tatu: saa zako nzuri za siku, kitu kimoja ambacho ukikikosa utahuzunika, na kitu kimoja usichokiweza. Hiyo ya tatu msiione aibu kuijaza. Zirudi kabla ya Jumamosi ijayo, ili nianze kupiga simu za vyumba nikijua nani anahitaji kulala chini.

Ya dada yangu ameshanipa tangu jana. Ameandika: asubuhi, baraza ya Sokomuhogo, ngazi.

Asanteni kwa kunisikiliza.